Milango Niliyoiruka

Lori lilikuwa limeshaanza kusogea pale nilipomwona mpwa wangu kwenye kioo cha pembeni. Anakimbia. Kiatu kimoja kiko mguuni, kingine kiko mkononi pamoja na rundo la karatasi, na midomo inamcheza lakini mngurumo wa injini unameza kila neno.

"Simama," nikamwambia dereva.

Dereva huyo wenzake walimbatiza Breki, kwa sababu hapendi kuzikanyaga. "Mzee, hatujamaliza hata mita mia. Umesahau meno?"

"Ni mtoto wa dada yangu yule."

"Mtoto wa dada yako si mliagana? Nimewaona mimi, mmepeana mikono mara tatu." Lakini akasimama.

Nilikuwa naelekea kwenye kiwanda cha mbao, mwendo wa siku mbili, nikanoe misumeno. Kwa mpwa wangu nilikuwa nimekaa miezi mitano, na kwangu mimi miezi mitano mahali pamoja ni mingi. Nyayo zinaanza kuniwasha, naanza kuchunguza magari yanakoelekea. Tuliagana alfajiri, vizuri, bila machozi, kisha lori likachelewa kupakia. Sasa amefika dirishani kwangu, anahema, hata salamu hana.

"Mjomba. Nyumba namba mia tatu na nane. Ulimkuta nani?"

"Bibi mshona mito."

"Bibi mshona mito anakaa mia tatu na tisa! Natoka huko sasa hivi. Mia tatu na nane ina kufuli."

Nikatazama barabara mbele.

"Mjomba?"

"Palikuwa pamefungwa," nikasema. "Nikaingia kwa jirani."

"Ukaandika mia tatu na nane."

"Si ndiyo namba uliyonipa?"

Akaegemeza paji la uso kwenye mlango wa lori. Breki akanitazama, akazima injini. Ni mtu wa haraka lakini ana watoto wa kike nyumbani.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana mambo yenyewe hayakuanzia barabarani.

Mpwa wangu alikuwa mfuaji katika kliniki ya mtaa, anafua mashuka na makoti ya waganga. Akapandishwa kwa muda, akawekwa kwenye dirisha la kumbukumbu za wagonjwa, akaambiwa kiti hicho kitakuwa chake akileta cheti cha chuo. Akajiunga na chuo. Masomo yote alipita, isipokuwa takwimu. Takwimu ilimwangusha mwaka wa kwanza, ikamwangusha wa pili, na sasa hii ilikuwa mara ya tatu, ambayo kwa sheria za chuo ndiyo ya mwisho. Akianguka anaondolewa, na kule kliniki anarudi kwenye mashuka. Mtihani wa kuandika alikuwa ameshaufanya, akapata ishirini na tisa kati ya sitini. Zilibaki alama arobaini za utafiti mdogo ambao angeueleza mbele ya mwalimu Jumatatu. Alihitaji ishirini na moja. Leo ilikuwa Jumamosi.

Mimi nilifika kwake wakati amejifungua, mtoto wa kike, na mumewe anachimba visima mbali, anarudi kila baada ya miezi miwili. Kazi yangu ikawa kumshika mtoto siku za masomo. Nilikaa naye kwenye benchi chini ya dirisha la darasa ili mama yake akimhitaji asitembee mbali. Kwa hiyo takwimu niliisoma, ila kwa masikio tu. Ubao sikuuona hata siku moja. Wastani nikaujua, namba ya katikati nikaijua, lakini ukiniandikia ile alama yao ya kujumlisha, ile kama herufi iliyovunjika mgongo, mimi naona mkorogo. Shule yangu ya utotoni nayo ilikuwa hivyo hivyo: muhula huku, muhula kule, kila baba alipohamia.

Mwalimu wao wanafunzi walimwita Nusu. Hatoi alama kamili. Jibu zuri ni tatu na nusu, baya ni nusu. Alikuwa na sauti kavu, inayosikika vizuri dirishani, na siku moja alisema jambo lililonikaa: kwamba ukitaka kujua gunia la maharage huna haja ya kulimwaga lote, chota kiganja, mradi uwe umelichanganya kwanza. Nikasema ndani yangu, haya, hii elimu naiweza.

Utafiti wa mpwa wangu uliitwa hivi: watu wazima wa mtaa huu wanakuwa nje ya nyumba zao masaa mangapi kwa siku ya kazi. Kliniki inafungwa saa tisa alasiri, na mganga mkuu alitaka kujua kama saa hizo zinawafaa watu. Mtaa una nyumba mia nne na kumi na mbili, zote zimepakwa namba kwa rangi nyekundu. Mpwa wangu aliandika namba zote kwenye vikaratasi, akavitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akatikisa mpaka mtoto akaamka, akachota arobaini bila kutazama. Kuchagua kwa nasibu, wanaita. Kisha, kwa kuwa yeye yuko kazini mchana na kunyonyesha jioni, akanipa mimi daftari.

"Unamuuliza mtu mzima aliye na shughuli nyingi zaidi katika nyumba," aliniambia. "Anatoka saa ngapi, anarudi saa ngapi. Basi."

Nami nikaenda. Mtoto mgongoni, daftari mkononi, kuanzia saa tatu asubuhi. Tatizo ni kwamba mimi mlango uliofungwa siugongi. Miaka zaidi ya arobaini nimekuwa mgeni katika nyumba za watu, na hiyo ndiyo adabu iliyonipa malazi: mlango ukiwa wazi unabisha hodi, unakaribishwa, unakaa. Ukiwa umefungwa, wenyewe wana yao, unapita. Nyumba kumi na saba katika zile arobaini zilikuwa zimefungwa. Kila mara niliingia kwa jirani aliyefungua. Niliona ni gunia lile lile.

"Ngapi?" mpwa wangu akauliza pale kwenye lori.

"Kumi na saba."

"Mungu wangu."

"Lakini walinijibu vizuri. Na maji walinipa."

Breki akacheka mpaka akapiga usukani. Mpwa wangu hakucheka. Nikashusha begi. Breki akaniuliza nina uhakika, maana kule kwenye mbao hawamngoji mtu, nikamwambia nenda, ndugu yangu, salimia barabara. Akawasha, akaenda.

Tulirudi nyumbani tukiongozana. Alimchukua mtoto kwa jirani, akakaa mezani, akaanza kunyonyesha huku mkono mmoja unapanga karatasi. Ile kazi ilikuwa imeshaandikwa yote kwa mwandiko safi, ina jedwali, ina mchoro wa nguzo zilizopakwa bluu. Wastani: masaa matatu na nusu nje ya nyumba. Nikaitazama, nikaona huruma.

"Nani atajua?" nikasema. "Mwalimu hajui nani anakaa mia tatu na nane."

"Mimi nilijuaje?"

"Ulipita pale."

"Nilipita pale kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Njoo hapa, Mjomba." Akanisogezea karatasi. "Hii namba ni mkengeuko. Unajua mkengeuko ni nini?"

"Nilisikia. Kila namba iko mbali kiasi gani na wastani, ukizichukua zote kwa jumla."

"Ndiyo. Yangu haifiki hata saa moja. Jana usiku niliona, nikafurahi, nikasema namba zangu zimetulia. Leo ulipoondoka nikaitazama tena. Watu arobaini, Mjomba, na wote wako nje masaa mawili, matatu, manne, matano. Hakuna hata mmoja anayetoka alfajiri. Mimi mwenyewe natoka alfajiri! Mama wa hapo jirani anatoka alfajiri. Hawa watu wote ninaopishana nao gizani kila siku wanatoka mtaa gani?"

Nikapitia majina kwenye daftari.

"Umeniletea watu wanaokaa nyumbani," akasema, bila ukali. "Niliuliza nani hayupo, nikajibiwa na waliopo."

Hapo ndipo nilipoielewa takwimu, kama kuna siku niliielewa. Si chini ya dirisha. Pale mezani.

Alikuwa na njia mbili. Apeleke ile kazi safi, na pengine Nusu angempa zile ishirini na moja. Au aivunje, kukiwa kumebaki siku moja na nusu. Aliniuliza: "Ungekuwa wewe?" Nikamwambia mimi ningepanda lori. Akacheka kidogo, mara ya kwanza siku ile, kisha akachukua ile karatasi yenye nguzo za bluu, akaigeuza upande mweupe, akaniambia nitaje nyumba zote kumi na saba.

Tulianza jioni ile ile, saa kumi na mbili, watu wanaporudi. Yeye alishika upande wa juu wa mtaa na mtoto, mimi upande wa chini. Nilisimama mbele ya mlango wa kwanza uliofungwa kama mtu aliyetumwa kuomba mke. Mkono haunyanyuki. Nikakohoa. Nikakohoa tena.

"Aliye nje ana kifua au ana shida?" sauti ikauliza.

"Hodi."

"Karibu, gonga basi kama watu."

Alikuwa mwanamke fundi mwashi, vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi. Anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa kumi na mbili jioni. Masaa kumi na tatu. Nikamuuliza kuhusu kliniki. "Kliniki ipi? Ile inayofungwa nikiwa juu ya ukuta? Nimeishi hapa miaka sita, baba, rangi ya mlango wake siijui."

Wa pili alikuwa mlinzi, wa tatu mpishi wa shule, wa nne hayupo. Jumapili alfajiri tukarudi, tukawakamata wawili wakifunga milango yao, mmoja akanijibu huku anatembea, nami namkimbilia na kalamu. "Andika kumi na mbili, mzee, na uandike kwamba nimechelewa kwa sababu yako!"

Mia tatu na nane niliiacha mpaka Jumapili mchana, maana jirani aliniambia mwenyewe ni mwoka mikate, analala mchana na kufuli huwa anapiga kwa nje, kisha anaingilia mlango wa uani ili watu wamwache. Nikazunguka uani. Nikagonga. Nikagonga kweli, kwa ngumi.

Akafungua akiwa na msuli tu kiunoni, macho mekundu. Nikajitayarisha kutukanwa. Akanitazama, akatazama daftari.

"Ni wewe," akasema. "Wa kidaftari."

"Unanijua?"

"Wiki iliyopita ulisimama hapa mbele. Nilikuwa macho, joto lilinitoa kitandani, nikakuona kwa tundu la dirisha. Ukasoma namba ya nyumba yangu, ukaisoma tena, nikasema leo mimi nami nitaulizwa kitu. Nikaanza kutafuta shati. Ukaingia kwa bibi hapo. Nikabaki na shati mkononi najiuliza, mimi nina nini?"

"Nisamehe. Niliona kufuli."

"Kufuli ni la wauza sabuni. Haya, uliza."

Nikauliza. Anatoka saa mbili usiku, anarudi saa mbili na nusu asubuhi. Masaa kumi na mbili na nusu. Nikaandika. Akasema ana kidonda cha moto mkononi kina wiki tatu, na kliniki anapoamka inakuwa imefungwa. Akanionyesha. Hicho hakikuwa na safu kwenye daftari, lakini nikakiandika pembeni.

Mpaka Jumatatu saa moja asubuhi tulikuwa tumepata kumi na tano kati ya kumi na saba. Nyumba mbili hatukuwapata watu, tulizirudia mara nne kila moja. Nilimwambia aandike kumi na mbili kwa kila nyumba, si inajulikana tu? Akanitazama hivi, nikafunga daftari. Alikokotoa upya akiwa anasubiri uji wa mtoto upoe, na wakati wa kuchora nguzo safi haukuwapo. Alichora kwa kalamu ya risasi.

Chuoni nilikaa benchi langu la siku zote, mtoto amelala begani. Nilimsikia mpwa wangu akianza. Alieleza kopo, vikaratasi, nyumba arobaini. Kisha akasema, "Mara ya kwanza nilipata wastani wa masaa matatu na nusu. Haikuwa sahihi," akaeleza yote. Darasa likacheka aliposema kuhusu milango. Nusu hakucheka.

"Aliyekusanya ni nani?"

"Mjomba wangu."

"Ulimfundisha afanye nini akikuta pamefungwa?"

"Sikumfundisha, mwalimu. Nilimpa daftari tu. Kosa ni langu."

Nilishindwa kuvumilia. Nikasimama, kichwa kikatokea dirishani. "Kosa ni langu, mwalimu! Mimi ndiye niliyeiruka milango!"

Ndiyo mara ya kwanza nilimwona Nusu kwa macho. Mtu mfupi, suti kubwa kuliko yeye.

"Wewe hapo dirishani, umesajiliwa katika chuo hiki?"

"Hapana."

"Basi huna alama za kupoteza. Kaa chini, utaamsha mtoto."

Nikakaa. Wanafunzi wakacheka, yeye akaendelea na sauti yake kavu. "Wastani mpya?"

"Masaa sita na robo, kwa nyumba thelathini na nane. Mkengeuko ni masaa matatu na nusu na kidogo."

"Mkubwa."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa hiyo nimwambie mganga mkuu kwamba mtu wa mtaa huu anakuwa nje masaa sita. Nionyeshe mmoja. Nionyeshe mtu anayekuwa nje masaa sita."

Nilisikia karatasi zikifunuliwa. Nilikuwa na majina ya wote kichwani, nikawapitia mmoja mmoja, bibi mshona mito, mwashi, mlinzi, na sikumpata wa masaa sita.

"Hayupo," mpwa wangu akasema.

"Hayupo?"

"Hata mmoja. Kuna wanaotoka masaa mawili mpaka matano, na kuna wanaotoka kuanzia tisa mpaka kumi na tatu. Katikati hakuna mtu. Wastani umeangukia mahali ambapo hakai mtu yeyote. Kwa hiyo mimi nisingempa mganga mkuu hiyo sita. Ningempa mchoro huu, makundi mawili, nikamwambia kliniki inahudumia kundi moja."

"Na hizo nyumba mbili?"

"Sijui. Tulizirudia mara nne, hatukuwakuta. Nadhani wako kwenye kundi la pili, lakini sijawaingiza, kwa sababu kudhani si kuuliza."

Mtoto akaamka, akaanza kulia, nikamtembeza mpaka kwenye bomba na kurudi. Niliporudi mpwa wangu alikuwa ametoka, amesimama kwenye benchi langu.

"Ametoa alama?" nikauliza.

"Ametoa hapo hapo. Amekata alama tano kwa kutokukufundisha. Amekata mbili za nyumba zisizopatikana. Amekata nyingine za mchoro, anasema kalamu ya risasi ni ya watoto."

"Imebaki ngapi, mama?"

"Ishirini na moja." Akamchukua mtoto. "Na nusu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mpwa wangu alipata cheti mwaka ule, alama hamsini na nusu katika takwimu, ya chini kuliko za wote waliofaulu. Yuko kwenye dirisha la kumbukumbu mpaka leo. Kliniki ilianza kufunguliwa mpaka saa moja usiku, siku mbili kwa wiki. Baadaye mganga mkuu alihamishwa na aliyemfuata akapunguza ikawa siku moja. Mwoka mikate alipona mkono. Mwashi alivunjika mguu kazini, sasa anafundisha. Bibi mshona mito amefariki. Nyumba zile mbili, moja ilikuwa haina mtu tangu mwaka uliotangulia. Ya pili hatukujua. Nusu amestaafu. Breki aliacha malori, anauza mayai. Mume wa mpwa wangu bado anachimba visima. Mtoto anasoma darasa la pili na hapendi hesabu. Mimi niliondoka wiki tatu baada ya siku ile kwa gari jingine, kiwanda cha mbao kilikuwa kimeshampata mtu, na tangu hapo nimeishi miji minne.